Meza Tuliyomuandalia Karani

Siku yangu ya kwanza ya kazi, Madame Directrice, muzungu mukubwa wa foyer, hakuangalia uso wangu. Alikamata kitambaa nilichoshona, akakigeuza, akaangalia mugongo. "Mbele kila mutu anaweza kupendezesha," alisema. "Nyuma njo kunaonyesha fundi." Nyuzi zangu za nyuma zilikuwa safi, bila mafundo. Akanipa kazi palepale. Mi niliyesoma miaka mbili tu kwa bamasista, nikakuwa monitrice, mwalimu wa foyer, ile nyumba ya kambi ya mugodi wa shaba pale Kolwezi, kwenye babibi ba bafanyakazi balijifunza kushona, kupiga pasi na kulea batoto. Nilivaa blouse nyeupe. Banaume balikuwa banatoa kofia mbele yangu, na mi sikuwa narudisha salamu mbio.

Sheria ilikuwa moja: kitambaa kilichoshonwa na uzi wa foyer hakitoki mu kabati.

Jirani yangu alikuwa karani moja kijana, mutu wa maneno mengi na viatu bya kungaa. Leo munamujua bote, picha yake ilibandikwa mu kila ofisi. Wakati ule alikuwa Karani tu, anatuandikia barua za kwetu. Aliomba karti, ile bazungu balipatia mutu mweusi baliyeona anaishi sawa na bo. Bila karti, cheo chake kilikomea pale. Lakini kwanza komisio, bazungu ba kukagua, ilikuwa inakuja ku nyumba: kufunua sufuria, kuchungulia choo, kupapasa shuka, kuona kama munakula na uma.

Helena, bibi yake, alikuja kwangu mbio. Jirani moja alishaazima viti, mwingine sahani, katekista alitoa saa yake ya ukuta. "Mama Tekla, kimebaki kitambaa cha meza." Nikafungua kabati ya foyer, nikatoa kitambaa nilichoshona mi mwenyewe. Nilijisemea, komisio ni banaume tu, bajui nini ya kitambaa?

Kesho yake, wa kwanza kushuka mu motokari ya komisio alikuwa Madame Directrice.

Mi nilikuwa mu jiko la Helena, napanga bikombe. Nilimuona kupitia mulango. Alikaa, akaonja chai, vidole bikaenda ku kona ya kitambaa. Akakigeuza.

"Nani alishona hii?"

"Mi, Madame," Helena alisema.

Madame akatoa sindano na uzi mu sakoshi, akamusogezea. Helena hakujua hata kutunga uzi. Sindano ikaanguka chini. Nilikuwa mujane na batoto batatu, na ile blouse njo ilikuwa inabalisha. Sikutoka mu jiko.

Karani akasimama. "Madame, kitambaa ni cha kuazima. Viti ni bya jirani, saa ni ya katekista. Yangu ni meza. Kwetu mugeni akikuja, kambi muzima inaandaa. Muandike ile."

Hakutaja jina langu. Lakini mugongo wa kitambaa ulishanitaja.

Karti alikosa. Mi niliitwa ku foyer. "Fundi wangu wa kwanza," Madame alisema, "na mwizi." Nikamujibu kwamba mwizi harudishi, na kile kingerudi kesho. Alinituma Dilolo, mbali kabisa, ku mupaka na Angola, kupiga pasi mashuka ya hospitali. Karani njo alinibebea sanduku mupaka ku treni.

Nilipiga pasi mupaka bazungu balienda kwabo, na sauti ya Karani ikatoka mu radio. Nilirudi Kolwezi kichwa kimejaa mvi. Akakuja siku moja, mukubwa wa inchi. Bijana ba chama balipita nyumba kwa nyumba kuazima viti na sahani za kumupokea. "Mama, uko na kitambaa cha meza?" Nilibapa changu, kazi ya mikono yangu.

Nilisimama nyuma ya basoda ba kumulinda. Bakubwa banahutubia, yeye vidole byake bikaenda ku kona. Akakigeuza. Akainua kichwa, akatafuta mu batu, akatafuta tena. Sikuinua mukono. Mara ile mu jiko sikutoka, sasa nitoke juu ya nini? Kisha bakamuambia saa ya kuenda imefika.

Kitambaa kilirudishwa. Kazi nimeacha, lakini mikono hailali. Kila motokari ikipunguza mwendo mbele ya nyumba, nasimama, nanyoosha kitambaa pa meza, nachungulia.