Injini Iliyonipeleka kwa Mama Mkwe

Nyie chekeni tu, nimeshazoea. Ndiyo, ni mimi niliyeangukia mapajani mwa mama mkwe mchana kweupe, Karema nzima ikiona, na mkisikia mtu anasema nililewa, mwambieni ilikuwa gesi.

Nilikuwa nimetoka mgodini Mpanda, nikapata kazi ya injini kwenye boti ya Nahodha Athumani, ziwani Karema. Injini zile hazikuwa na ufunguo kama hizi zenu: unapasha moto kichwa chake mpaka kiwe chekundu, ndipo unazungusha gurudumu kwa mikono, mafuta yakibanwa mle ndani yanawaka yenyewe. Kupasha tu, unaweza kula ugali ukamaliza. Basi asubuhi hiyo akapanda mama yake Yustina, mchumba wangu, anakwenda Kirando kumuuliza kaka yake kama nipewe binti au nisipewe. Kwetu mkwe hasogelewi wala hatazamwi usoni (kofia nilikuwa nimeishusha mpaka puani), nikaona kumngojesha mama yule ni aibu.

Nikakumbuka mawe ya taa za mgodini, yale ukiyadondoshea maji yanatoa gesi kali, ninayo kwenye kopo. Nikayadondoshea maji, nikapitisha mpira toka kwenye kopo mpaka tundu la hewa la injini, gesi ichanganyike na mafuta, chuma hakijaiva hata kidogo, nikazungusha.

"We, unafanya nini?" Nahodha akauliza.

"Nawahisha, Nahodha."

Lo! Gesi haikungoja kubanwa mpaka mwisho, iliwaka mapema, paa! gurudumu likarudi nyuma, na injini zile zikianza kinyume zinaendelea hivyo hivyo. Boti ikaenda kinyumenyume, ikapanda mchangani juu ya dagaa walioanikwa na watu, wanawake wanapiga yowe, mimi chali mapajani mwa mkwe, masizi usoni, kofia sijui iko wapi, tunatazamana.

Mama yule alijifunika uso kwa khanga, akamwambia Nahodha (maana nami hasemi):

"Muulize huyo, kama hawezi kungoja chuma kipate moto, binti yangu akiugua atamngoja?"

Nahodha akanigeukia aniulize, utadhani sijasikia. Nikashuka kuokota dagaa wa watu.

Nilipeleka mbuzi wa kuondoa aibu, akapokelewa, mimi nikaambiwa ningoje mavuno mengine. Nikangoja. Kabla ya mavuno hayo Yustina akaolewa na fundi cherehani wa Kirando. Niliumia, sisemi uongo.

Tangu hapo gesi na mafuta sivichanganyi, hata unipe boti yenyewe. Mke niliyempata baadaye ni wa Kasekese, mbali na ziwa, mama yake hajawahi kupanda boti, na mimi simshawishi.