Mbegu za Zabibu kwenye Mdomo wa Mama

Mama yangu ndiye huanzisha nyimbo za kwaya kijijini kwetu, na mavuno ya zabibu ya kila Machi humtia hofu. Akishinda shambani siku tatu nne, mdomo wa chini hutoa malengelenge, na Pasaka humkuta hawezi hata kunywa uji, sembuse kuimba. Zahanati walimweleza kwamba virusi vinavyoleta malengelenge hayo vinakaa mwilini siku zote. Jua kali likiidhoofisha kinga ya ngozi, navyo vinapata upenyo. Wakamwambia avae kofia pana ya pama na ajifunike kanga usoni.

Mimi nafanya kazi maabara mjini, naishi huko huko mtaa wa Kikuyu, na jambo jipya nikilisoma huniwasha kama upupu mpaka nimwambie mtu. Jumamosi moja nilikwenda kijijini, nikamwamkia mama, nikaketi, nikaanza mhadhara: mbegu za zabibu, hizi hizi tunazotema, zina kitu ambacho kikikamuliwa huisaidia kinga ya ngozi isilegee juani. Nilijiona msomi kwelikweli. Sikutaja kwamba waliojaribiwa ni panya, wala kwamba kukikamua kunataka mitambo.

Mama si mtu wa kusubiri. Alianika mbegu, akazitwanga kinuni, akachanganya na mafuta ya alizeti, akajipaka mdomo mzima na kuwagawia wanakwaya wenzake wanne. Kisha wakavuna juma zima vichwa wazi, pama zimebaki nyumbani. Walisema mtoto wa mwenzao kasoma, pama za nini tena?

Ijumaa Kuu nilimkuta jikoni, mdomo umevimba, kanga kaibana chini ya pua.

"Hao uliosema dawa imewasaidia," aliniuliza, "ni watu wa wapi?"

"Ni panya, mama."

"Panya." Alikoroga mboga kwanza. "Panya wanavuna zabibu?"

Nikamwomba radhi. Kwa kweli nilitamani ardhi ipasuke, maana wimbo ule wa Pasaka anausubiri mwaka mzima, na mimi ndiye niliyemnyang'anya. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba mdomo wangu uliomponza ndio utakaofanya kazi: Jumapili wimbo nitauanzisha mimi.

"Mama, mara ya mwisho kuimba nilikuwa darasa la sita!"

"Basi una kesho nzima ya kujifunza, mwanangu."

Jumapili nikasimama mbele. Nyuma yangu wale wenzake wanne, midomo imebabuka, wananisubiri. Ubeti wa kwanza ulipita salama, nikapata raha, nikaongeza sauti. Wa pili nikauruka wote, nikaingia wa tatu kwa ujasiri ule ule wa siku ya mhadhara.

Kwaya ikanifuata. Kanisa zima likanifuata. Mama, pale benchi la mbele, akajiziba mdomo kwa mikono miwili, akacheka mpaka machozi yakamtoka.