Shangazi Chini ya Pikapu ya Bwana Brashi

Gari unalopanda kila siku limesimama juu ya nini, unajua?

Hujui. Usione haya, wengi hatujui. Tukienda kununua gari lililotumika tunafungua boneti, tunasikiliza injini inavyonguruma, tunalipiga tairi teke kana kwamba limetukosea, tunawasha redio. Redio ikiimba, tumenunua. Hakuna anayeinama. Na huko chini ndiko iliko chasisi, vile vyuma viwili virefu vilivyobeba kila kitu: injini, bodi, mizigo na roho za watu. Kutu ikishavila, redio haitakuokoa. Jambo hili linanichoma, na sioni sababu ya kupoa wakati watu wanaendelea kuuziwa majeneza yenye magurudumu.

Shangazi yangu huinama. Tena haishii kuinama, analala chali chini ya gari lenyewe, na ieleweke kwamba yeye si mwanamke mwembamba.

Shangazi, dada mkubwa wa baba yangu, anakodisha viti na maturubai. Watu wakiwa na harusi, msiba au mkutano, wanampigia simu. Alianza na viti chakavu vya shule moja iliyofungwa. Leo stoo yake imejaa viti vya plastiki vilivyopangwa minara mpaka darini. Kiti kikipasuka mguu hakitupi, anakishona. Anatoboa kwa msumari wa moto, anapitisha waya, anakaza kwa koleo. Kisha anakikalia, na hakikalii kwa adabu, anajitupa. "Kiti ambacho hakijanibeba mimi hakitoki hapa," husema. Kikipona kwa Shangazi, kitapona kwa mgeni yeyote.

Gari lake la zamani hakulikalia hivyo. Alilinunua kwa kumwamini fundi aliyempeleka kulikagua, fundi akasifu injini, na kweli injini ilikuwa nzuri. Siku moja, barabara imenyooka, mwendo wa kawaida, viti vimejaa nyuma, chasisi ikakatika nyuma ya kichwa cha gari. Pikapu ikajikunja kama kisu cha mfukoni. Aliyekuwa kwenye usukani ni mtoto wake wa pekee, binamu yangu. Alivunjika mtulinga, akapona, akarudi nyumbani na woga. Vijana wa mtaani walimbandika jina la Breki, maana tangu siku ile hata kuku akivuka barabara kule mbali, yeye ameshakanyaga breki.

Gereji walipolifungua lile gari, Shangazi alikuwa amesimama pale pale. Akaona chuma kinamomonyoka kama mkate mkavu. Hakulia. Aliokota kipande, akakisaga kwa vidole, akasema, "Nilimpakia mwanangu juu ya unga."

Tangu hapo alibeba viti kwa magari ya kukodi. Magari hayo yakachelewa, wateja wakanuna, mmoja mmoja wakahamia kwingine. Mwenye ukumbi mmoja mkubwa akatuma salamu: yuko tayari kuvichukua viti vyote kwa mkupuo. Shangazi akamwomba subira. Alikuwa amesikia kuna pikapu inauzwa, akasema ataitazama hiyo moja, na ikiwa mbovu kama zile nyingine alizokwisha kuzikataa, basi viti viende. Breki atafute kazi nyingine, naye apumzike. Alilitamka neno "nipumzike" kama mtu anayetaja ugonjwa.

Tukaenda watatu: yeye, Breki na mimi. Shangazi alibeba nyundo ndogo, bisibisi, kipande cha waya na gunia la kulalia.

"Si tungetafuta fundi?" nikamuuliza njiani.

"Macho yangu hayali kamisheni," akajibu.

Muuzaji alikuwa mzee mmoja mpaka rangi wa nyumba, amestaafu. Mtaa mzima unamwita Bwana Brashi, na ukifika kwake huulizi kwa nini. Geti limepakwa rangi, mawe ya kando ya njia yamepakwa rangi, ndoo imepakwa rangi, hata mpini wa jembe. Pikapu ilikuwa chini ya kibanda, nyeupe, inang'aa kama sahani.

"Karibuni, karibuni," mzee akasema. "Mama, hili si gari, hili ni bibi harusi. Kizuri chajiuza."

"Basi tumwone bibi harusi miguu," Shangazi akasema. Akaweka mawe kwenye magurudumu, akatandika gunia, akajiingiza chini taratibu mpaka zikabaki ndala zake tu nje.

Kisha sauti ikatoka chini: "Mzee wangu, huku chini kumepakwa rangi mpya."

"Nyeusi safi!" Bwana Brashi akajibu kwa fahari. "Nimeipaka mara mbili."

Nikahisi damu inanipanda. Kila aliyewahi kuchomwa na biashara ya magari anajua rangi mpya chini ya gari ina maana gani: mtu amefunika uozo. Breki akarudi nyuma hatua kadhaa, akaegemea geti, akageuza uso.

"Na umesema kizuri chajiuza," Shangazi akaendelea kutoka chini. "Mbona hiki hakijajiuza mpaka leo?"

"Hata mimi nashangaa, mama. Wanakuja, wanachungulia chini, wanakumbuka wameacha kitu jikoni. Mmoja ameondoka na chai yangu mdomoni."

Nyundo ikaanza. Ngi! Ngi! Ngi! Chuma kizima hulia kama kengele, kilichooza hutoa sauti ya boga. Shangazi alianzia mbele, akaja katikati, pale lile la zamani lilipokatikia. Ngi! Akagonga tena mahali pale pale, akasikiliza, akagonga tena. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Akasogea nyuma, juu ya ekseli, ambako matope hupenda kuganda. Ngi! Akakwangua rangi kwa bisibisi: chini ya nyeusi kulikuwa na kijivu, chini ya kijivu nyekundu ya kuzuia kutu, kisha chuma.

"Mama, unanichunia gari," mzee akalalamika.

"Nalipapasa tu, mzee wangu. Bibi harusi haogopi kupapaswa."

Moyo wangu ulikuwa umeanza kutua. Ndipo nikasikia sauti ambayo si ya nyundo wala ya kukwangua. Ilikuwa kama kisu kinaingia kwenye sabuni. Ndala za Shangazi zikaacha kutikisika.

"Bisibisi imezama," akasema. "Yote. Mpaka mpini."

Nikapiga magoti, nikachungulia. Alikuwa ameshika donge jeupe kati ya vidole. Puti! Puti ya kushikizia vioo vya madirisha, imepakwa rangi juu.

Hapo sikujizuia. "Mzee! Umeziba kutu kwa puti? Unajua watu wangapi wanakaa nyuma ya gari kama hili? Unajua huyu kijana hapo getini alivunjwa mfupa na mtu kama wewe? Nchi nzima tunapakana rangi! Huu ni uuaji, mzee, si biashara!" Niliendelea, na mengine sikumbuki, ila nakumbuka jirani alichungulia juu ya ukuta.

"Kutu?" Bwana Brashi akasema. "Kutu gani? Nimeziba matundu, kijana. Gari langu lilikuwa na matundu huko chini. Nikasema mteja akiyaona atadhani limeoza. Nikayaziba, nikayalainisha, ukipitisha kidole husikii kitu. Nimefanya kazi nzuri!"

"Kazi nzuri!" nikapaaza sauti.

"Wewe msomi," Shangazi akasema kutoka chini, "nyamaza kidogo, unanimwagia mate."

Nikajipangusa mdomo.

Alichokonoa puti ya tundu lile, akaitupa nje vipande vipande. Akajiburuta upande wa pili, akagonga, akachoma: bisibisi ikazama tena, mahali pale pale mkabala na pa kwanza. Akacheka kwa pua. "Njoo uangalie," akaniambia. Nikajilaza kando yake. Tundu lilikuwa duara kamili, ukingo wake laini, na mwenzake upande wa pili alikuwa vilevile. "Kutu inakula kama panya. Haichori duara. Haya ni matundu ya kiwandani, ya kutolea maji yanayoingia ndani ya chuma. Mzee wa watu ameziba mifereji."

Nilitaka kushusha pumzi, lakini yeye alikuwa bado amekunja uso. Kisha akaita, "Mzee wangu, umeziba lini?"

"Nilipoamua kuuza. Mwezi uliopita."

"Na tangu hapo umeliosha?"

"Kila Jumamosi! Gari chafu atanunua nani?"

Shangazi akafumba macho. Nami nikaelewa. Maji yameingia kwa juu, yamekosa pa kutokea, yamelala ndani ya chuma mwezi mzima. Rangi nzuri nje, ndani inaoza polepole, na mwenyewe hana habari. Hapo hapakuwa na wa kumgombeza. Nafikiri ndilo lililoniumiza zaidi.

"Unaliosha kwa mpira?" akauliza.

"Mpira unaharibu rangi. Kwa kitambaa."

Akafumbua jicho moja. "Kitambaa?"

"Kilichokamuliwa."

Shangazi akakinga kiganja chini ya tundu, akaingiza waya, akachokonoa. Likamwagika vumbi. Vumbi kavu la barabarani. Akaenda kwenye la pili: vumbi. La tatu, kule nyuma: vumbi na mbegu ya nyasi. La mwisho lilikuwa upande ambao kibanda huvuja. Alipoichomoa puti, maji yakamtiririkia usoni.

"Mama!" Breki akapiga kelele kutoka getini. Alikuwa ameshakuja mbio, amepiga magoti. Sikujua hata kama alikuwa anasikiliza.

"Sijafa, ni maji," Shangazi akasema huku anatema. "Nimulikie."

Breki akawasha tochi ya simu. Maji kwenye kiganja cha mama yake yalikuwa na rangi ya chai iliyokosa majani. Yangekuwa mekundu na mazito tungeondoka pale pale. Shangazi akaingiza waya tundu lile, akakwaruza kwa ndani kwa muda mrefu, akautoa, akautazama kwenye mwanga. Akachukua nyundo akaipeleka mkononi mwa mwanawe.

"Gonga wewe."

"Mama, mimi..."

"Utaliendesha wewe. Gonga."

Breki akajiingiza chini, akagonga kwa woga kama anayebisha hodi kwa mkwe. Ngi. "Nguvu!" Ngi! Akagonga tena bila kuambiwa. Ngi! Ngi! Akagonga urefu wote wa chuma kile, akahamia cha pili, anagonga na kusikiliza, mpaka Bwana Brashi akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huyu naye ananunua au anapiga ngoma?"

"Kutu ya juu juu tu," Shangazi akatangaza alipotoka, nywele zimejaa vumbi, uso una michirizi. "Chuma kiko hai. Ungekaa na hiyo puti mpaka masika, mzee wangu, ungelizika."

Bwana Brashi akakaa kwenye ndoo yake iliyopakwa rangi. "Kwa hiyo wote wale wamekimbia rangi yangu?"

"Wamekimbia rangi yako."

"Miaka yote nimepaka watu nyumba, hakuna aliyekimbia." Alionekana kama mtu aliyeambiwa kwamba manukato yake ndiyo yanayofukuza wageni. Shangazi akaanza kucheka, tumbo likamtikisika, na mzee, baada ya kujikaza kidogo, akacheka naye.

Nikamwendea nikamwomba radhi. Nilimwomba radhi kwa kumwita muuaji. Kuhusu wauza magari wengine sikufuta neno. "Usijali, kijana," akasema. "Ila kwa sauti hiyo, ukose kazi ya kunadi mitumba?"

Bei haikuchukua muda. Mzee mwenyewe aliipunguza bila kuombwa, kwa heshima ya maji yaliyomwingia mama wa watu machoni. Shangazi akapiga simu akiwa bado anapangusa uso kwa upindo wa gauni. "Ee, habari za ukumbi? Nashukuru kwa subira yako. Viti haviuzwi. Hapana, hata nusu. Ukitaka kukodi, karibu." Akakata. Breki akaketi kwenye usukani, akashika gia, akaondoa mkono, akaishika tena. Tulirudi kwa mwendo wa maandamano, akikanyaga breki kila panapokuwa na kivuli, na Shangazi kando yake ameshika mpini wa mlango kwa mikono miwili.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kuwasaidia kupakia. Kulikuwa na mkutano wa shule, viti vilihitajika mapema. Tukapakia mpaka juu, tukafunika turubai, tukafunga kamba. Shangazi alihesabu, akagombana na kamba, akapanda mbele. Nilizunguka kukaza fundo la mwisho, na kupitia kioo cha nyuma nikaona kichwa chake kimeinamia dirishani, mdomo wazi, mikono imelegea mapajani. Breki alikuwa bado hajawasha hata injini. Akanitazama kupitia kioo cha pembeni, akaweka kidole mdomoni. Akawasha gari, akatoka getini, akaingia kwenye lile korongo la barabarani linalorusha kila gari. Viti vyote vikapiga kelele kama vyombo vilivyoanguka jikoni. Shangazi aligeuza shingo upande wa pili, akaendelea kulala, na pikapu ikakata kona.