Nyota Zenye Mikia

Miaka ya themanini nilipokuwa nikifundisha fizikia karibu na Kiboko, mwalimu mwenzangu kutoka ng'ambo alileta darubini na kamera. Alitaka kupiga picha ya galaksi ya Andromeda. Ukiichungulia kwa jicho, ni kama ukungu wa pumzi kwenye kioo. Mikono yake iliyojiviringa huonekana tu ukiiacha filamu wazi saa nzima. Na kwa kuwa dunia inazunguka, saa hiyo yote lazima mtu aangalie nyota moja, akizungusha skrubu polepole ili isitoke kwenye alama ya msalaba ndani ya lenzi.

Nusu saa ya mwisho aliniachia mimi. Sijui kwa nini nilikubali. Mtoto wangu alikuwa nyumbani na surua, na nilikuwa nimemwambia mama yangu atume mtu hali ikiwa mbaya. Basi jicho langu lilikuwa kwa nyota, masikio yakawa kwa geti la shule. Kila lori likifunga breki barabara ya Mombasa, nilidhani mjumbe wa mama ameshuka.

Ghafla nikasikia geti likifunguliwa. Niliruka, goti likagonga darubini. Kumbe ni mlinzi tu, ametoka kununua sigara! Nilimfokea kama mwizi.

Mtoto alipona. Picha iliposafishwa, mikono ya galaksi ilionekana, lakini kila nyota ilikuwa na mkia. Mwenzangu alilaumu upepo. Mwanga ule ulisafiri zaidi ya miaka milioni mbili bila kuguswa na mtu. Ukafika Kiboko, nikaupiga goti.