Fimbo ya Gari Jeupe

Nilikosa, na kosa langu lilianza kwa kupenda kiti. Naandika bila jina kwa sababu hadi leo gari la askari likipita nje ya nyumba yetu hapa Garissa, kalamu husimama mkononi mpaka mlio wake upotee.

Mimi ni mtoto wa kwanza. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule nikiwa darasa la tano, nikabaki na wadogo wawili, Abdi na Habiba. Nilimwahidi mama kwamba hatutatawanyika. Nilibeba magunia, nikapakia ng'ombe kwenye malori, nikajifunza udereva.

Habiba alipofika miaka kumi, mwalimu mmoja kutoka bara alimtafutia nafasi katika shule ya bweni Thika. Nilifurahi kama niliyeitwa ni mimi.

Vita vya shifta, waasi wa Kisomali waliopigana na serikali, vilikuwa vimepamba moto. Mwenye duka mmoja alikuwa anahama, akauza magari yake mawili ya saluni, kila moja kwa bei ileile. Niliuza ng'ombe wote aliotuachia baba, nikaruhusiwa kuyajaribu siku nzima.

Jeupe lilikuwa na silinda nne. Viti vyake vilikuwa vigumu, springi zimetoboa kitambaa. Ukienda darajani na kurudi, mgongo unalia. Lakini petroli lilikuwa linainusa tu. Jeusi lilikuwa na silinda sita na viti vya ngozi vipana kama kitanda, na ukikanyaga moto linaruka.

Abdi alinionya mapema. "Walaal, ndugu yangu, hilo jeusi linakunywa kama ngamia aliyefika kisimani. Petroli utatoa wapi?"

Nilimjibu kwamba shifta wakitufyatulia, kitakachotuokoa ni mbio. Akacheka, akasema risasi haiulizi gari lina silinda ngapi.

Nilichukua jeusi. Jeupe lilinunuliwa na mfanyabiashara mwingine wa mjini.

Geji za mafuta zilikuwa zimekufa katika magari yote mawili, kama magari mengi ya huku. Tulipima kwa fimbo. Unaitumbukiza kwenye tangi, unaitoa, unatazama unyevu umefika alama ya ngapi. Mwenye duka alikuwa na fimbo moja tu. Aliniambia waziwazi, Habiba akiwa kando yangu, kwamba hiyo ilikatwa kwa ajili ya jeupe. Tangi la jeusi ni jembamba na refu kwenda juu, alama ileile huku ni mafuta machache. Alitaka nisubiri anikatie nyingine.

Sikusubiri. Kukata fimbo mpya ni lazima umimine petroli galoni kwa galoni, na petroli siku hizo ilikuwa kwa kibali. Mwenye jeupe alikuwa amejipatia geji nzima, fimbo hakuitaka. Nikaibeba.

Asubuhi ya safari ya kumpeleka Habiba Thika tulipanga foleni. Magari yalikuwa hayaendi ila kwa msafara, chini ya ulinzi wa askari, na sajini alikagua mafuta ya kila dereva. Asiye na mafuta ya kufika Mwingi alirudishwa. Nilitumbukiza fimbo mbele yake. Alama ya tatu. Kwa jeupe, hiyo ingefika na kubaki.

"Fimbo hii ni ya gari hili?" sajini aliuliza.

"Wallahi, ni yake," nilisema.

Habiba alinitazama, kisha akatazama viatu vyake vipya vya shule.

Mbio zote nilizozinunua hazikupata pa kukimbilia. Msafara ulikwenda kwa mwendo wa lori bovu kuliko yote. Nilishinda kwenye gia ya pili, injini inahema na kunywa. Tulipopita Bangale gari likakohoa mara mbili, likanyamaza.

Msafara hausubiri mtu. Jeupe lilitupita, dereva akainua mkono bila kupunguza mwendo. Vumbi likatua. Hapo ndipo nilipojua ukimya ni nini.

Kila tawi lililotikisika lilikuwa bunduki. Nilimwambia Habiba alale sakafuni. Alilala, vile viti laini nilivyovinunua vikiwa vitupu juu yake.

Alasiri gari la askari lilirudi. Moyo wangu ukatulia, kumbe nimetulia mapema. Sajini alichukua fimbo yangu, akaitumbukiza, ikatoka kavu.

"Asubuhi ulikuwa na mafuta ya kufika Mwingi. Umempa nani?"

Nilielewa alichokuwa akifikiri. Kijana wa Kisomali, ameachwa porini, tangi tupu, basi amewapa shifta mafuta.

Habiba akainuka sakafuni. "Hakumpa mtu. Fimbo ni ya gari jeupe. Abboowe alijua."

Abboowe ni kaka mkubwa. Hakuwahi kuniita jina langu hata siku moja.

Sajini alinigeukia. Ningesema ndiyo. Neno moja! Lakini nilikuwa nimeapa mbele yake asubuhi ile, na niliogopa kwamba mtu aliyekiri uongo mmoja hataaminiwa kwa lolote. Nikasema, "Huyo ni mtoto, anatunga."

"Basi kama fimbo ni sawa," sajini alisema polepole, "mafuta yamekwenda wapi?"

Nilikuwa nimeuziba mlango pekee, na aliyeufungua ni mtoto.

Walinifungia miezi saba. Gari sikuliona tena. Habiba alirudishwa Garissa, na nafasi ya Thika akapewa mwingine. Mama yetu mdogo alikuja, akamwambia Abdi kwamba kaka aliyefungwa kama shifta hawezi kulea msichana. Abdi alibisha, lakini alikuwa kijana wa miaka kumi na sita, nani angemsikiliza? Mama mdogo akapita na Habiba Liboi, wakavuka mpaka kuingia Somalia.

Nilipotoka, nyumbani kulikuwa na Abdi na ile fimbo aliyorudi nayo Habiba. Aliniletea chai, hakuniuliza kitu. Hilo lilinichoma kuliko kama angenitukana.

Wewe unayesoma, ukichagua gari, uliza kwanza litakula nini na litakula wapi. Ulaini wa kiti utaujua baadaye. Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni hili: hofu ikikushika, usimkane mtoto aliyesema kweli kwa ajili yako.

Mwezi uliopita mfanyabiashara wa mbuzi alinifikishia salamu kutoka ng'ambo ya mpaka. Habiba ni mzima. Hakuomba nguo wala pesa. Aliuliza jambo moja tu, kama abboowe ameshawaambia askari kwamba fimbo ilikuwa ya gari jeupe.

Bado. Kituo chao kiko hatua mia mbili kutoka mlangoni kwangu, na mara tatu nimefika getini na fimbo mkononi nikarudi. Nimeanza na wewe. Kesho nitajaribu tena.