Mwiko wa Bwana Bock

Ucheke, lakini ujue nilikuwa na nia njema. Mimi ni mpishi wa gesti hapa Mpwapwa. Mgeni wetu Mjerumani, Bwana Bock, alinieleza kuwa jina la ukoo wake maana yake ni mbuzi dume. Sisi Wagogo kila ukoo una mwiko wake wa chakula. Mimi mwenyewe moyo wa ng'ombe siugusi. Basi nikajua wake ni mbuzi. Wageni wenzake wakila nyama choma ya mbuzi, yeye namwekea mboga ya mlenda, nami najisifu kwa adabu yangu.

Jana alifuata harufu mpaka jikoni, akanikuta na ubavu wa mbuzi mkononi.

"Mama, nimekukosea nini?"

Nikamweleza habari ya mwiko.

"Babu yetu aliitwa hivyo kwa ukaidi," akasema, akivuta kigoda. "Mbuzi tunakula. Hata huo ulioushika."