Nyanda Nne Chini

Pikipiki yangu niliipenda kwa urefu wake. Ilikuwa ya mashindano, nyekundu, nimeitoa Mombasa ikiwa imetumika kidogo, na kwa Faza nzima hakukuwa na nyingine iliyokaa juu ya ardhi kama ile. Nikiipanda nilikuwa naona ndani ya nyua za watu bila kukusudia. Halafu nikaishusha kwa mikono yangu mwenyewe, nyumbani, kwenye ua ambapo mke wangu huanika nguo, na vijana wa barazani mpaka leo hawajanisamehe.

Niliishusha kwa ajili ya mama. Mama yangu ni mzaliwa wa Mkomani, Lamu, aliyeolewa Faza na kubaki, na dada yake wa pekee, mamamkubwa wangu, bado anaishi katika nyumba ya mawe walimozaliwa. Mwaka ule macho ya mamamkubwa yalianza kwenda. Daktari alishasema hayarudi. Kila asubuhi alipiga simu, na kwa kuwa mama husikia kwa taabu, simu ilikuwa ikisikika nyumba nzima, ikimwita aende: "Ndoo nikuone, mdogo wangu. Mato yafunga haya. Ndoo nikuone ningali naona."

Mama alikuwa na nyonga mbovu. Alitembea, tena vizuri, lakini mguu haukukubali kuinuka. Kupanda pikipiki ilibidi ainuliwe, na kuinuliwa hakutaka. Mara moja bodaboda wawili walimshika makwapa mbele ya duka la unga, buibui likapanda, watu wakaona soksi zake. Alirudi ndani akafunga mlango mpaka magharibi. Boti inayotoka hapa kwetu nayo ni ya kurukia, na mabaharia huvuta watu kama magunia ya makaa. Nikamwambia basi mimi ni mwanao, nitakubeba mimi. Akanipiga kofi mkononi.

"Mimi tabebwa siku moya tu," alisema, "na siku hiyo hamtaniuliza."

Sasa mtu kama mimi, ambaye mke wangu husema nikiketi kiti ndicho kinachochoka, ningekaa vipi nikisikiliza simu ile kila asubuhi? Dukani nilikuwa nauza vipuri vya mashine za boti huku nimesimama. Usiku nilijigeuza. Nilikasirika na mama kwa ukaidi wake, nikakasirika na mamamkubwa kwa kuita, nikakasirika na daktari asiyenijua. Siku moja nikafunga duka kabla ya adhuhuri, nikaisukuma pikipiki ndani, nikamwita mama.

Nilipanga mbao juu ya kreti la soda. Nikamwomba akae upande, kama wanawake wetu wanavyokaa kwenye pikipiki, nikawa natoa mbao moja moja mpaka akaweza kuegemeza makalio na kuinuka mwenyewe, vidole vya miguu vikiwa bado chini. "Hapo," alisema. Nikachukua uzi wa kushonea nyavu, nikapima kutoka sakafuni mpaka ubao wa juu, nikaupiga fundo. Uzi ule nikautia mfukoni.

Mimi si fundi wa pikipiki, lakini chuma ni chuma. Nililegeza bolti zinazobana miguu ya mbele nikaisukuma juu nyanda nne, yaani upana wa vidole vinne, mbele kukashuka. Nyuma nikatoa shokomzoba zake ndefu, nikafunga fupi nilizozipata kwa mtu aliyevunja pikipiki ya zamani. Nikapunguza sponji ya kiti kwa kisu cha samaki. Nikapima kwa uzi: fundo na kiti sawasawa. Nilifurahi nikaenda kunawa, na niliporudi ilikuwa imelala juu ya nguo za mke wangu, kwa sababu stendi imebaki na urefu wake wa zamani na pikipiki haikuwa na pa kuegemea. Stendi nikaikata. Nguo zilifuliwa upya, na maneno niliyoambiwa nilistahili.

"Bwana, mbona umeipigisha magoti?" vijana waliniuliza nilipopita barazani.

Mama alikaa, akainuka, akakaa tena. Hakutabasamu, aliuliza tu tutaondoka lini.

Siku nikaichagua mimi, na niliichagua kwa hesabu niliyojivunia. Tungekwenda kupandia boti Mtangawanda, upande wa pili wa kisiwa chetu, siku za bamvua, maji yakijaa kabisa, ili boti isimame sawa na gati na mama avuke kwa hatua moja, kama anayetoka chumbani kwenda ukumbini. Hakuna mtu wa kumshika kwapa. Tukatoka baada ya sala ya alfajiri, mama nyuma yangu na kikapu chake mapajani, na mimi nikijiona mwana mwema.

Kutoka Faza kuna mahali ambapo njia, au ndia kama asemavyo mama, hupita katikati ya mikoko, na bamvua ikijaa maji huifunika. Naijua tangu utotoni. Lakini kwa pikipiki yangu ndefu nilikuwa nikipita pale bila hata kukunja suruali, kwa hiyo nilikuwa nimeacha kuyahesabu yale maji kuwa maji. Mtu mzima wa visiwani, ninayeuza mashine za boti, nimechagua bamvua kwa ajili ya gati nikasahau kwamba ni bamvua hiyo hiyo iliyoko barabarani. Tulifika katikati bomba la moshi likazama. Mashine ikakohoa mara mbili, ikazima.

Nilitukana. Nilitukana mbele ya mama yangu, jambo ambalo sijawahi, nikageuka nikamwambia sasa hakuna ujanja, lazima nikubebe. Kumbe kashashuka. Kiti kilikuwa chini kiasi hicho kwamba aliteleza tu, akasimama ndani ya maji, kikapu kichwani.

"Mayi tu haya," alisema. "Sukuma, twenende."

Mkono mmoja kauweka kwenye kiti, na kiti kilimfaa kama mkongojo. Nikasukuma, naye akatembea, buibui likielea nyuma yake. Upande wa pili nikalaza pikipiki, nikamwaga maji, nikafuta plagi kwa kanga yake, nikapiga kiki mpaka goti likaniuma. Ilipowaka sikumshukuru Mungu kwa sauti ndogo. Mtangawanda tulikuta maji yameanza kutoka, boti imeshuka kidogo tu. Mama alivuka mwenyewe.

Nilidhani kazi imekwisha. Nyumba ya Mkomani tuliingia kabla ya adhuhuri, buibui limeshakauka na kubaki michirizi ya chumvi, na mamamkubwa alikuwa amelala kwenye kitanda cha mama yao, kile cha kizamani cha miguu ya kuchongwa, kirefu, ambacho watu hukipanda kwa kibago, kigoda cha kukanyagia. Tangu aanguke kwa kutoona na kuumia mgongo, alikuwa hashuki ila kwa haja. Mama akawekewa kiti kando ya kitanda. Uso wake ulifika kwenye godoro.

"Sikuoni," mamamkubwa alisema. "Sogea."

Mama alisogea mpaka kiti kikagonga mbao. Mamamkubwa alikuwa anaona kwa umbali wa kiganja tu, akiinama maumivu yalimrudisha kwenye mto. Kibago kililetwa, mguu wa mama ukakataa. Mimi nikanyoosha mikono, mama akanitazama, nikairudisha. Nilizunguka chumba kile mara sijui ngapi.

"Alipokuwa mtoto nalikimpandisha mimi," mamamkubwa alisema, uso akiuelekeza darini. Kisha akaniita. "Nenda kwa jirani. Leta msumeno ukate maguu."

Nikamwambia ni kitanda cha mama yao.

"Na hawa ni wanawe. Kata."

Nilileta msumeno, nikatoa uzi mfukoni, ungali na fundo lake. Mimi na watu wa nyumbani tukamhamishia mamamkubwa kwenye kiti, nikapindua kitanda, nikapima mguu baada ya mguu. Mbao ile ilikuwa ngumu. Niliona aibu, nikaendelea kukata.

Nilipokisimamisha, mamamkubwa alirudishwa mahali pake. Mama akaja kinyumenyume, akakaa, vidole vya miguu chini. Kisha akajilaza polepole upande wa dada yake, na mamamkubwa akamshika mashavu, akamvuta mpaka pua zikakaribia kugusana. Alimtazama sana. Alianza na paji, akaja macho, akaja mdomo, hakuruka mahali.

"Kumbe umefanana na mama," alisema.

Mimi nilikuwa chini kwenye unga wa mbao, msumeno mapajani. Nilikaa pale mpaka laasiri.